Jani la Isale Coon Rapids

Naanza na la kwangu, mtu asije akasema nililificha. Wazo lilikuwa langu. Mume wangu alisita, na mzee mmoja wa kanisani kwetu alitaka tukae kwanza tuombe wiki mbili tatu. Mimi nikawaburuta wote. Nina kiherehere, naambiwa hivyo tangu nasoma shule ya msingi Marangu, na miaka yote niliyokaa Minnesota haijakipunguza hata chembe.

Mtoto ninayemsema ni wa kaka yangu. Kaka alipofariki nilimleta huku akiwa na miaka tisa, akakua na wanangu wawili katika nyumba hii hii ya kupanga hapa Columbia Heights. Alikuwa mtoto wa kucheka sana na wa kula sana. Ukipika mtori wa ndizi Jumamosi ujue hadi Jumapili sufuria imeshasuguliwa. Alipofika miaka kumi na sita alimuua kijana mwenzake. Silizungushii maneno, kwa sababu yeye mwenyewe halizungushi. Waligombana kwenye sherehe ya kipaimara, mwenzake akamzaba kofi mbele ya watu, watu wakacheka. Akaondoka, akaenda kutafuta bastola kwa watu wanaojua zinakopatikana, na kesho yake akamngojea kwenye maegesho ya magari. Huko kuondoka na kurudi ndiko kulikomponza. Mahakama ilisema alikuwa na muda wa kufikiri na alifikiri. Akahukumiwa kama mtu mzima, kifungo cha maisha, wakati hata ndevu hajaota.

Marehemu naye alikuwa wa kwetu. Sisemi Mtanzania tu, nasema Mchagga, wa Machame. Mama yake tulikuwa tukikaa safu moja kwenye ibada ya Kiswahili, tukiazimiana vyombo vya shughuli. Siku za msiba hatukwenda. Mwanasheria wa wakati ule alitukataza kabisa kuwasogelea watu wale kesi ikiwa mahakamani, na kusema kweli hata asingetukataza tungeogopa. Mama yule akaacha kuja kanisani, akahamia Coon Rapids. Miaka kumi na sita nikimwona dukani nageuza kikapu napita njia nyingine. Aibu ya namna ile, we acha tu. Kwetu mtu wa ukoo wako akimwaga damu, ukoo mzima unakwenda kusimama mbele ya waliofiwa. Usipokwenda, umeua mara ya pili.

Kisha sheria ya jimbo ikabadilishwa. Waliofungwa maisha kwa makosa ya utotoni wakapewa nafasi ya kusikilizwa na bodi baada ya miaka kumi na mitano, na bodi ikiridhika wanatoka kwa parole, yaani wanamalizia kifungo nje wakiangaliwa. Siku mwanasheria mpya aliponipigia simu kunieleza, nilikuwa natandika kitanda kwenye hoteli ninakofanya kazi kule Bloomington. Nilikaa juu ya kitanda cha mgeni, jambo ambalo ni marufuku, nikalia hadi mwenzangu akaja kunitafuta.

Mwanasheria huyo alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kusikiliza. Alituambia bodi inataka kujua mambo mawili: mtu mwenyewe amebadilika vipi, na akitoka anakwenda kuishi wapi na nani. La kwanza halikunitia wasiwasi. Kila nilipokwenda kumtembelea gerezani nilikuwa nasema "tangu lile jambo litokee," naye ananirekebisha, "Tangu nilipomuua, shangazi," halafu analitaja jina la marehemu. Mimi ndiye niliyekuwa nashtuka. La pili lilikuwa juu yangu. Angekuja kwangu. Chumba nilikipaka rangi mwenyewe, nikanunua godoro, mume wangu akafunga rafu ya vitabu ikakaa upande, tukacheka, tukaiacha vile vile.

Siku hiyo hiyo mwanasheria alisema kwamba mtoto asiwasiliane na familia ya marehemu kwa njia yoyote. Nilisikia vizuri, sikuwa kiziwi. Lakini nilichosikia ni kwamba yeye asiwasiliane. Na kwetu mkosaji haendi mwenyewe hata siku moja. Wanakwenda watu wake. Kwa hiyo moyoni nikasema haya, sheria yao na mila yetu hapa zimekutana, hakuna neno. Sikumuuliza zaidi. Ningemuuliza angenikataza, na mimi sikutaka kukatazwa. Hilo nimelikubali baadaye, wakati halisaidii kitu.

Asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachagga huupanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Ukimkosea mtu sana, kosa la kuvunja undugu, wazee wako wanachukua jani lake, wanalifunga fundo, wanampelekea uliyemkosea. Halina thamani sokoni. Lakini likishafika mkononi mwa mtu, hasira inatakiwa iishe. Nimemwona babu yangu akilipokea kwa mtu aliyemchomea nyumba. Alitetemeka mwili mzima, na akalipokea.

Sasa isale Minnesota utaipata wapi? Ipo, tena nyingi, wazungu wameifanya pambo la ndani. Pale hotelini kwetu kuna moja kubwa karibu na lifti, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nayafuta vumbi majani yake. Nikamwomba msimamizi wangu jani moja. Akaniangalia, akasema chukua hata mawili. Nikalifunga kwenye kitambaa chenye maji nikapanda nalo treni, kisha basi, nalo mapajani, na nakumbuka nilikuwa na furaha. Niseme tu ukweli, nilikuwa na furaha.

Tulikwenda Jumamosi mchana, theluji ikiyeyuka barabarani: mimi, mume wangu, na yule mzee wa kanisani, naye ni mtu wa Machame. Hatukupiga simu kwanza. Jambo kama lile halitangulizwi kwa simu.

Mlango ulifunguliwa na binti wa yule mama. Kaka yake alipouawa yeye alikuwa na miaka minane. Sasa ni mwanamke mzima, alikuwa amevaa sare za hospitali, yuko njiani kwenda kazini. Tukamsalimu kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza, kwa adabu, akauliza sisi ni nani. Nilipojitaja uso ukamkauka. Alianza kuufunga mlango, na angeufunga, ila mama yake alitokea nyuma yake akijifuta mikono kwa kanga, akaona alichoshika mzee.

Hakututazama sisi. Alilitazama jani. Mzee akapiga goti kwenye zulia la korido, mtu wa miaka karibu themanini, goti lenyewe la kuwekewa hospitali. Mimi na mume wangu tukapiga magoti nyuma yake. Mzee akasema kwa Kichagga kwamba tumechelewa miaka kumi na sita, kwamba hatuna la kujitetea, kwamba mtoto wetu alimuua mtoto wake. Majirani wawili walipita wakitukwepa na mifuko yao ya dukani. Kisha mama yule akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimelipokea," akasema. "Inukeni, ingieni ndani, hapo kuna baridi."

Tukanywa chai. Binti alisimama ukutani bila kuvua koti, akitutazama mmoja mmoja, halafu akaondoka bila kuaga. Simlaumu. Hata leo simlaumu. Anatoka kwenda kazini anakuta nyumbani kwao watu wa aliyemuua kaka yake wamepiga magoti mlangoni, wakisema lugha ambayo yeye haijui. Mama yake aliniuliza kama mtoto anakula vizuri huko aliko. Akauliza amekuwa mrefu kiasi gani. Nikamwambia ameshaota mvi, akacheka kidogo, halafu akalia, nikalia na mimi. Neno bodi halikutajwa. Nitaapa popote, hatukumwomba aseme chochote kwa yeyote. Tulikwenda kwa ajili ya kosa, si kwa ajili ya kutoka. Nilirudi nyumbani nimepunguziwa mzigo, nikapika, nikaimba.

Kumbe binti alipofika kazini alipiga simu. Kuna ofisi inayoangalia haki za waliotendewa uhalifu, na alikuwa na namba yao tangu utotoni. Akawaambia kwamba watu wa mfungwa wamekuja nyumbani kwao.

Wiki mbili baadaye akaja kwangu mama mmoja wa ofisi ya magereza, kukagua makazi. Alikuwa na sura ya huruma, nami mtu mwenye sura ya huruma ananimaliza. Alikagua chumba, akaisifu rangi, akakaa mezani, akasema amesikia tulitembelea Coon Rapids, angependa kuelewa. Basi nikaelewesha. Nilieleza kama mwalimu. Nikamweleza vihamba, mipaka, fundo, babu yangu na nyumba iliyochomwa. Alikuwa anaandika, na kadiri alivyoandika nami ndivyo nilivyozidi kunoga. Hatimaye mtu wa serikali ananiuliza mambo ya kwetu na anayaandika! Akauliza kwa upole, je, yule mama angeweza kulikataa jani?

Nikamwambia halikataliwi. Nikasema kwa fahari kabisa kwamba tangu dunia iumbwe Mchagga hajalikataa jani la isale, na atakayelikataa ajue anajiletea mabaya yeye na kizazi chake. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani ananikumbusha nimkaribishe mgeni chai.

Mgeni alipoondoka mume wangu aliniambia, "Umemmaliza mtoto." Nikamfokea, nikamwambia ana roho ya woga, tena tangu aliponioa. Siku nne hatukusemeshana. Siku ya tano mwanasheria akapiga simu, na kwa mara ya kwanza yule binti mpole alipandisha sauti.

Mtoto wangu alisikilizwa kwa video. Sisi tulikaa ofisini kwa mwanasheria, Saint Paul, tukimtazama kwenye skrini. Alizungumza vizuri. Alieleza alichofanya tangu kofi hadi risasi bila kumsingizia mtu, si wenzake, si ujana, si kufiwa na baba. Mume wangu alinishika mkono. Kisha mjumbe mmoja wa bodi akamuuliza kuhusu jani.

Hakuwa anajua. Hatukumwambia, nilitaka nimwambie akishatoka, tukiwa tumekaa. Nikamwona anajaribu kuelewa anachoulizwa. Akaulizwa kama ndiye aliyetutuma. Akasema hapana. Akaulizwa kama anajua maana ya jani lile, kwamba anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Aliinamisha macho, akasema ndiyo, alifundishwa na shangazi yake. Pale kwenye kiti nilitaka ardhi inimeze. Nilinyanyua mkono kama mwanafunzi, nikitaka kusema, na mwanasheria akaushusha taratibu, kwa sababu wao hawakuwa wananiona.

Bodi ikamkatalia, arudi baada ya miaka mitatu. Karatasi ilisema watu wake waliiendea familia ya marehemu wakaibana kwa mila isiyowapa nafasi ya kukataa, na kwamba nyumba aliyopangiwa kuishi ni ya watu hao hao. Kwa hiyo hata makazi yakafutwa. Chumba kile sasa si mahali pa kumpokea.

Nilikasirika, tena sana. Niliwaita majina yote nikiwa peke yangu jikoni. Mtu anaomba msamaha kwa magoti, mnaita kubana! Halafu hasira ikiisha nabaki na lile swali la yule mama wa magereza, kama mfiwa angeweza kulikataa, nakosa jibu tofauti na lile nililotoa. Hawakunisingizia. Waliandika nilichosema.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili, mama wa Coon Rapids alikuja kanisani. Mara ya kwanza tangu msiba. Alikaa safu ya nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha nikajificha mahali pa kutundikia makoti, maana sasa na sisi tulikuwa tumekatazwa kwa maandishi kumsogelea. Akanifuata huko huko. Akanishika mkono wa koti.

"Dada, mimi barua ya kumwombea mtoto wenu atoke niliiandika mwaka jana, kabla hamjaja," akasema. "Nilikuwa namsubiri binti yangu awe tayari ndiyo niitume. Nilipoituma wakaniambia haiwezi kupewa uzito, inaonekana nimelazimishwa. Nikawaambia niliiandika zamani. Wakaniuliza tarehe iko wapi. Nani anaweka tarehe kwenye barua ya namna ile?"

Bodi husoma barua za wafiwa kwa siri, hata mwanasheria haonyeshwi, kwa hiyo hakuna upande wetu aliyejua kwamba ipo. Kama tungekaa nyumbani kwetu siku ile, na lile jani likabaki kwenye chungu chake pale hotelini, barua ya mama wa marehemu ingefika mbele ya bodi safi. Alikuwa anakuja kutufungulia mlango, na sisi tukaenda kuufunga kwa nje.

"Mwambie mtoto nilikuwa nimeshamsamehe," akasema. "Jani lilinikuta nimeshamaliza. Mwambie hivyo."

Nilimpigia mwanasheria nikiwa bado kwenye maegesho ya kanisa. Alinisikiliza hadi mwisho, nikamsikia anavuta pumzi. Akasema nisithubutu. Simu za gerezani zinarekodiwa, barua zinasomwa, na chumba cha wageni kina mtu anayesikiliza. Neno moja la yule mama likipita kwangu kwenda kwa mfungwa, litaandikwa kwamba tumemwendea tena, na hiyo miaka mitatu tuisahau. Ipo ofisi ya kupitishia ujumbe kama huo, mama mwenyewe aende. Nikamtumia habari kupitia mchungaji. Alikwenda. Wakamwambia kwa kuwa faili lake limewekewa alama ya kushinikizwa, asubiri, watamwita. Mpaka ninapoandika haya hawajamwita.

Basi neno hilo mimi nalijua, na mume wangu analijua, na yule mzee mwenye goti analijua. Asiyelijua ni mmoja tu, na ndiye mwenyewe.

Anapiga simu kila Jumapili alasiri. Kwanza inaongea ile sauti ya mashine inayosema mazungumzo yanarekodiwa, halafu anakuja yeye. Tangu bodi imkatalie alikuwa hajauliza lolote. Tulizungumza habari za hali ya hewa, za wanangu, za kikohozi cha mume wangu, za karakana anakojifunza kuunga vyuma. Hakunilaumu hata kwa kukohoa, na ningeshukuru kama angenitukana. Jumapili iliyopita akanyamaza katikati ya maneno.

"Shangazi, nakuuliza kitu kimoja tu," akasema. "Alilipokea?"

Nilikuwa nimesimama jikoni. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa, neno moja, na mimi ni mtu ambaye maisha yangu yote sijawahi kushindwa kusema neno. Nikafikiria miaka mitatu. Nikafikiria yule anayesikiliza mwenye kalamu. Nilifunga mdomo kwa kiganja changu mwenyewe, na mume wangu aliyekuwa mezani akainamisha kichwa.

Alisubiri. Nilimsikia akihema, na nyuma yake wenzake wakipiga kelele kwenye foleni ya simu. Akasubiri tena kidogo, halafu nikasikia sauti yake imeshuka, ya mtu aliyejibiwa hapana.

"Basi," akasema. "Ana haki yake."

Akaniuliza kama kikohozi cha mjomba kimepona. Nikamwambia kimepona.